Shahada ya Sheria Kigali, 1996–2026: Miaka Thelathini ya Kuandaa Wanasheria

Tarehe 15 Machi 1996, wakati Rwanda ikiwa bado inazika wafu wake, mjini Kigali kilianzishwa chuo kikuu cha binafsi kilichoitwa Université Libre de Kigali. Wakazi wa jiji wamezoea kukiita kwa herufi tatu, ULK. Mwanzilishi wake alikuwa Profesa Rwigamba Balinda, na masomo yalianza kutolewa jioni, ili mtu aliyeshinda kazini naye apate nafasi. Sheria ilikuwa miongoni mwa fani zake za mapema. Mwaka uliofuata, 1997, Waadventista walei walianzisha chuo chao, UNILAK, ambacho leo kipo Kicukiro na kina kitivo chake cha sheria. Mwaka huohuo taifa likapata Chama cha Mawakili kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kumbukumbu hii ni ya shahada ya kwanza ya sheria kama ilivyofundishwa na kusomwa Kigali katika miaka hiyo 30. Vyuo vinavyoitoa ni kadhaa, vya umma na vya binafsi, na kila kimoja kina sherehe zake. Hata hivyo shahada hiyo ina historia moja, kwa kuwa ilizaliwa na haja moja: nchi ilikuwa na makosa mengi mno ya kuhukumiwa, na watu wachache mno wa kuyahukumu.

Kabla ya 1994: sheria zilizoandikwa kwingine

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ilirithi sheria ambazo nyingi hazikutungwa kwa ajili yake. Mwaka 1925 Ubelgiji ilikuwa imeiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, na sheria za Kongo zikavuka mpaka pamoja na maofisa. Mfano mzuri ni amri ya mwaka 1888 kuhusu mikataba. Ilitungwa enzi za Mfalme Leopold wa Pili kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo, lakini Mnyarwanda aliyeuza ng'ombe au kukodisha nyumba mwaka 2010 alikuwa bado chini yake.

Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwezi Novemba 1963, kikiwa na wanafunzi wapatao 50 na rekta Mkanada, Padri Georges-Henri Lévesque wa shirika la Wadominiko. Kilianza na udaktari, sayansi za jamii na ualimu. Sheria ilikuja baadaye, katika miaka ya 1970. Hapa inafaa kuitazama Tanganyika, ambako mambo yalianza kinyume: chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kila nchi changa ilipanga mahitaji yake kadiri ilivyoona. Kwa Rwanda, kuchelewa kwa wanasheria kulikuwa na gharama. Kwa miongo mitatu kesi nyingi zilisikilizwa na majaji wasio na shahada ya sheria, na mshtakiwa wa kawaida hakuwa na chama cha mawakili cha kukikimbilia, maana hakikuwepo.

Waliosoma sheria wakati huo walisoma kwa Kifaransa, na kwa mkondo wa Ubelgiji na Ufaransa: kanuni iliyoandikwa ndiyo msingi, jaji anaitafuta humo, na hukumu zilizotangulia zinamsaidia bila kumfunga. Mkondo huo haujafutika. Mwanafunzi wa leo anayejibu swali la mtihani kwa kuanza na kifungu cha sheria, kisha akaja kwenye hukumu, anafuata njia ya walimu wa walimu wake.

1994–1996: mahakama bila watu

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza pia watu na ofisi za haki. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinasema kwamba kati ya majaji wapatao 750 waliokuwepo kabla, walibaki 244, na kati ya waendesha mashtaka 70 walibaki 12. Wengine waliuawa, wengine walikimbia nchi, na wengine walikuwa wenyewe washukiwa. Chuo Kikuu cha Taifa kilipoteza walimu na wanafunzi, kikafungwa, na kufunguliwa tena Aprili 1995.

Wakati huohuo magereza yalikuwa yakifurika, na idadi ya waliokuwa wakishikiliwa kwa tuhuma za mauaji ya kimbari ilipita 100,000. Jumuiya ya kimataifa ilikuwa imeunda mahakama maalum kwa azimio la Baraza la Usalama la tarehe 8 Novemba 1994, ikawekwa Arusha, nayo ililenga vigogo. Wengine wote walibaki mikononi mwa Rwanda yenyewe. Tarehe 30 Agosti 1996 ilitangazwa sheria ya kuendesha mashtaka ya mauaji ya kimbari, ikiwagawa washtakiwa katika makundi manne na kuruhusu anayekiri kupunguziwa adhabu. Kesi za kwanza zilianza kusikilizwa Desemba 1996.

Nani angesikiliza? Majaji wapya walipewa kozi za miezi michache na kupelekwa kazini. Nani angetetea? Mawakili wa kigeni walikuja kupitia shirika la Avocats Sans Frontières, wakasimama katika mahakama za mikoani kando ya washtakiwa na waathirika waliokuwa wakidai fidia. Hatua hizo zilisaidia, na waliozibeba wanastahili heshima. Ila kozi ya miezi michache haimpi mtu kile kinachopatikana kwa miaka minne ya kusoma katiba, wajibu, jinai na mwenendo wa mashauri, na wakili wa kigeni siku moja hurudi kwao. Ndiyo maana kufunguliwa kwa masomo ya sheria Kigali mwaka 1996 hakukuwa jambo dogo.

1996–2003: masomo ya jioni

Mtu akitaka kuielewa shahada ya sheria ya Kigali, aanze na saa za masomo. Chuo cha jioni kiliwakuta watu mahali walipo: karani wa wizara, mwalimu wa sekondari, polisi, mfanyakazi wa benki, mama aliyebaki na watoto wake na wa ndugu zake. Walitoka kazini, wakapanda matatu au wakatembea kwa miguu, wakaingia darasani jua likizama. Waliandika kwa kasi kwa sababu vitabu vilikuwa haba. Maelezo ya mhadhiri yalinakiliwa kwa fotokopi na kupita mkono kwa mkono, na nakala safi ya kanuni ya jinai ilikuwa mali ya kutunzwa.

Darasani walikutana watu ambao vita na ukimbizi viliwalea katika shule tofauti. Yupo aliyesoma Butare kwa Kifaransa. Yupo aliyekulia Uganda na Kiingereza chake. Yupo aliyetoka Bujumbura, Bukavu au Goma, na yupo aliyesoma Tanzania akaja na Kiswahili cha shule. Baada ya 1994 elimu ya juu ililazimika kutumia Kifaransa na Kiingereza kwa pamoja. Mhadhiri aliweza kufundisha kwa lugha moja, swali likaulizwa kwa nyingine, na Kinyarwanda kikafunga pengo kati yao. Kwa fani nyingine hilo ni usumbufu wa kawaida. Kwa sheria, ambako neno moja huamua kesi, lilikuwa zoezi la kila siku la kupima maana, na wahitimu wa miaka hiyo walinufaika nalo zaidi ya walivyodhani.

Wengi wao pia walikuwa na majeraha yao. Walisoma sheria ya mirathi wakiwa wao wenyewe ndio warithi pekee waliobaki. Walisoma jinai huku majirani zao wa zamani wakisubiri kesi. Sijui kitivo kingine cha sheria katika ukanda wetu kilichoanza na darasa la namna hiyo, na uvumilivu wa wanafunzi wale ndio sehemu ya historia hii ninayoiheshimu kuliko zote.

Nje ya darasa taifa lilikuwa likijenga. Sheria Na. 03/97 ya tarehe 19 Machi 1997 iliunda Chama cha Mawakili. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya Arusha ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mwaka 2000 mahakama hiyo ilifungua kituo cha habari Kigali, Umusanzu mu Bwiyunge, chenye maktaba. Mwanafunzi wa Kigali aliweza sasa kusoma hukumu zilizohusu tarafa anazozijua kwa miguu yake.

Zikaja pia Gacaca, mahakama za wananchi za kesi za mauaji ya kimbari. Wananchi waliwachagua wazee na vijana waadilifu, inyangamugayo, Oktoba 2001, na mahakama hizo zikazinduliwa tarehe 18 Juni 2002. Zilipofungwa rasmi miaka kumi baadaye, tarehe 18 Juni 2012, zilikuwa zimesikiliza mashauri yapatayo milioni 1.9. Kwa vitivo vya sheria lilikuwa jambo la kusoma na la kubishania: mahakama isiyo na wanasheria, isiyo na mawakili, inayotoa adhabu kubwa. Tasnifu nyingi za shahada ya kwanza ziliandikwa juu yake. Mwanasheria aliyefunzwa vizuri ana haki ya kuuliza maswali magumu hata kuhusu chombo kilichoisaidia nchi yake, na naona ni sifa kwa vyuo kwamba maswali hayo yaliulizwa.

2003–2008: shahada yawa sharti la kazi

Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 26 Mei 2003, na mwaka 2004 mahakama zikapangwa upya. Hapa ndipo miaka ya masomo ya jioni ilipoonekana thamani yake. Kabla ya mageuzi kulikuwa na majaji 702, na waliokuwa na shahada ya sheria walikuwa 74 tu. Sheria ya 2004 kuhusu hadhi ya majaji ilifanya shahada hiyo kuwa sharti. Majaji wote walitakiwa kuomba kazi upya, na idadi yao ikapunguzwa. Jaji mmoja akaruhusiwa kusikiliza kesi peke yake katika ngazi ya kwanza badala ya jopo la watatu, jambo ambalo lisingewezekana kama jaji huyo hana elimu ya kumtosha.

Mageuzi hayo yasingeshika bila watu wa kujaza nafasi. Vyuo vya Kigali na Chuo Kikuu cha Taifa vilikuwa vimeanza kutoa wahitimu, na waliokuwa makarani mchana na wanafunzi usiku sasa walivaa joho. Bi. Aloysia Cyanzayire aliiongoza Mahakama ya Juu kuanzia 2003 hadi 2011, akiwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Rwanda, na ndiye aliyesimamia kipindi hicho kigumu cha mpito.

Baada ya shahada pakahitajika mafunzo ya vitendo. Sheria ya mwaka 2006 iliunda ILPD, Taasisi ya Mafunzo ya Utendaji wa Sheria na Maendeleo, yenye makao Nyanza, mji wa kale wa wafalme. Ilianza kufundisha 2008, na baadaye ikawafikia pia wanafunzi wa Kigali. Mhitimu anayetaka kuwa wakili anapita huko kwanza, akijifunza kuandaa hati za madai, kuhoji mashahidi na kuandika hukumu. Sheria ya Chama cha Mawakili ya mwaka 2013 iliutia nguvu utaratibu huo.

Vitabu vilivyobadilika mikononi

Kuna jambo ambalo watu wa fani nyingine hawalifahamu vizuri kuhusu waliosoma sheria Kigali katika miaka hii 30. Karibu kila kitabu walichokisoma kimebadilishwa wakiwa bado wanakitumia.

Chukua jinai. Aliyesoma mwaka 1999 alifundishwa kanuni ya 1977. Aliyesoma 2013 alikuwa na kanuni mpya ya 2012. Aliyeingia darasani 2019 akakuta ya 2012 nayo imefutwa, na sheria ya 2018 ikiwa mezani. Katikati ya hapo, Julai 2007, adhabu ya kifo ilifutwa, na hapo ndipo mlango ulipofunguka wa Arusha kuhamishia kesi Kigali. Mshtakiwa Jean Uwinkindi aliletwa kutoka Arusha mwaka 2012, akiwa wa kwanza. Chukua katiba: Sheria ya Msingi ya 1995, iliyotokana pamoja na mambo mengine na Mapatano ya Amani ya Arusha ya 1993, ikafuatwa na Katiba ya 2003, nayo ikarekebishwa kwa kina 2015. Chukua mirathi: sheria ya 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, na masuala ya familia yakaandikwa upya 2016. Chukua mikataba: amri ile ya 1888 ilipumzishwa na sheria ya 2011, ambayo ina alama za wazi za fikra za Kiingereza na Kimarekani.

Badiliko hilo la mwisho lina kisa kipana. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007 na Jumuiya ya Madola Novemba 2009. Majirani zake wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam walikuwa wamelelewa na mfumo wa Kiingereza, ambamo hukumu ya mahakama ya juu inaifunga ya chini. Mahakama za biashara zilianza kazi Kigali 2008. Kituo cha kimataifa cha usuluhishi, KIAC, kilizinduliwa 2012. Maamuzi ya Mahakama ya Juu yakapewa nguvu ya kuzifunga mahakama za chini. Bila kutangaza kuhama, mfumo wa sheria wa Rwanda ukawa mchanganyiko, na vitivo vya sheria vikalazimika kuwafundisha vijana mikondo miwili kwa wakati mmoja. Halafu mwezi Agosti 2019 ikaja sheria Na. 020/2019, iliyofuta kwa mkupuo mmoja sheria zote zilizotungwa kabla ya uhuru.

Mhadhiri aliyekuwa akifundisha tangu 1996 ameandika upya maelezo yake zaidi ya mara moja katika kila somo. Kazi hiyo haionekani kwenye picha za mahafali, lakini ndiyo iliyowafanya wahitimu wasiwe watu wa sheria zilizokufa.

Safu tatu

Fungua toleo lolote la Gazeti Rasmi la Rwanda la miaka hii. Ukurasa umegawanywa safu tatu zilizosimama: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa. Kifungu kilekile kinatembea sambamba mara tatu. Mwanafunzi wa sheria Kigali hujifunza mapema kuusoma ukurasa huo kwa upana, akilinganisha safu kwa safu, kwa sababu siku atakapokuwa wakili, upande wa pili unaweza kujenga hoja juu ya tofauti ndogo iliyopo kati ya safu moja na nyingine.

Tangu serikali ilipoamua Oktoba 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, darasa limeelemea huko. Lakini mahakamani Kinyarwanda ndicho kinachotawala, ndicho cha mashahidi na cha hukumu nyingi. Mhitimu anasoma kwa lugha moja na kufanya kazi kwa nyingine.

Kiswahili nacho kikapewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa wakazi wa mitaa ya Nyamirambo na Biryogo lugha hiyo haikuwa ngeni; imesemwa huko tangu siku za mwanzo za mji. Kwa mwanasheria ina maana ya kikazi. Mizigo ya Kigali inapita Dar es Salaam na Mombasa, mikataba ya madereva na wenye maghala inazungumzwa kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza, na Mahakama ya Afrika Mashariki ipo Arusha. Mwanasheria anayeweza kumhoji dereva wa lori mpakani Rusumo kwa lugha yake ana faida ambayo kamusi haiwezi kumpa. Vitivo vya sheria vya Kigali havijalipa jambo hili uzito unaostahili, na miaka 30 ni umri wa kutosha wa kuanza.

Kliniki za sheria

Sehemu ya shahada inayopendwa na wanafunzi wengi ni kliniki ya sheria, ambako wanakutana na wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Shauri linaloletwa mara nyingi ni la ardhi. Mjane anakuja na bahasha: hati ya ndoa, cheti cha ardhi kilichotolewa wakati wa usajili wa nchi nzima, na karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa mkono na ndugu wa marehemu. Mwanafunzi anapanga karatasi hizo kwa tarehe. Anauliza kama ndoa ilifungwa kisheria, na kwa mfumo gani wa mali. Anamweleza kwamba kwa mashauri ya aina fulani ataanza kwa abunzi, wapatanishi wa ngazi ya seli, kisha ya tarafa, kabla ya kufika mahakamani. Mwanafunzi mwenyewe hasimami mbele ya jaji. Anaandaa maelezo na kumwelekeza mteja panapofaa.

Mwaka 2006 mashirika yanayotoa msaada wa kisheria yaliungana Kigali katika Legal Aid Forum, na serikali nayo ikafungua ofisi za msaada wa kisheria, MAJ, katika wilaya. Kliniki za vyuo zilipata hivyo mahali pa kupeleka mashauri yaliyozidi uwezo wao. Tangu 2016 hati za kesi huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki, IECMS, na mwananchi asiyejua kompyuta huhitaji mtu wa kumwongoza hata kabla ya hoja za kisheria. Kazi hiyo pia imeangukia vijana.

Uongozi na umma

Mwaka 2013 taasisi za umma za elimu ya juu ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na Shule ya Sheria ya Butare ikaingia katika Koleji ya Sanaa na Sayansi za Jamii. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kigali, cha binafsi, kilianza kazi na kikafungua sheria pia. Ushindani ukaongezeka, na wanafunzi wakawa na pa kuchagua.

Ukitaka kupima uzito wa walimu wa sheria katika nchi, tazama walikokwenda. Emmanuel Ugirashebuja alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Taifa. Akawa Rais wa Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2021 akateuliwa Waziri wa Sheria. Didas Kayihura Muganga alikuwa Rekta wa ILPD. Tangu 2022 anakiongoza Chuo Kikuu cha Rwanda. Sam Rugege, Jaji Mkuu kati ya 2011 na 2019, alikuwa amefundisha sheria katika vyuo vya nchi kadhaa za Afrika. Desemba 2024 nafasi hiyo ilishikwa na Bi. Domitilla Mukantaganzwa, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa mamlaka iliyosimamia Gacaca.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1963 | Chuo Kikuu cha Taifa chafunguliwa Butare |
| 1995 | Chuo Kikuu cha Taifa chafunguliwa tena baada ya mauaji ya kimbari |
| 1996 | ULK yaanzishwa Kigali tarehe 15 Machi. Sheria ya mashtaka ya mauaji ya kimbari yatangazwa |
| 1997 | Chama cha Mawakili chaundwa. UNILAK yaanzishwa |
| 2002–2012 | Kipindi cha mahakama za Gacaca |
| 2003–2004 | Katiba mpya. Shahada ya sheria yawa sharti kwa majaji |
| 2006–2008 | ILPD yaundwa, yaanza kufundisha Nyanza |
| 2007 | Adhabu ya kifo yafutwa. Rwanda yaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki |
| 2008 | Kiingereza chawa lugha ya kufundishia; mahakama za biashara zaanza |
| 2011 | Sheria mpya ya mikataba yachukua nafasi ya amri ya 1888 |
| 2013 | Chuo Kikuu cha Rwanda chaundwa. Sheria mpya ya Chama cha Mawakili |
| 2016 | Mfumo wa kielektroniki wa mashauri waanza |
| 2017 | Kiswahili chawa lugha rasmi |
| 2018 | Mahakama ya Rufaa yaundwa. Sheria mpya ya makosa ya jinai |
| 2019 | Sheria za kabla ya uhuru zafutwa |

Ombi kwa wahitimu wa mwanzo

Jedwali linaonyesha sheria na taasisi, kwa kuwa hizo zina tarehe. Yaliyotokea darasani kati ya 1996 na 2003 yamehifadhiwa kwa uchache mno, na waliokuwepo wanastaafu. Ombi langu ni kwao. Wewe uliyesoma sheria jioni katika miaka hiyo, kama bado una madaftari yako, fotokopi za maelezo ya wahadhiri, karatasi za mitihani, tasnifu uliyoichapa kwa mashine, au picha za mahafali ya kwanza, usizitupe. Zipeleke katika maktaba ya chuo chako, uandike nyuma ya kila picha majina na mwaka, na umwombe mkutubi akupe stakabadhi.